Jezi ya Kluivert namba 19: je, jina hilo linastahili bei yake?

Kifurushi kilifika siku ya 11, ingawa tuliahidiwa siku 3, na mwanangu alikifungua pale pale mlangoni kwa ufunguo wa nyumba kwa sababu hakuwa na subira ya kutafuta mkasi. Aliikunjua jezi juu ya meza ya chakula, akaigeuza upande wa mgongo, kisha akanyamaza. Jina lilikuwa sahihi, KLUIVERT, herufi zote 8 zimekaa sawasawa chini ya ukosi, lakini chini yake palikuwa na tarakimu moja tu, 9, nene na kubwa katikati ya mgongo. Sisi tuliagiza 19.

Duka lenyewe, ambalo huuza kwa njia ya mtandao tu, sitalitaja, kwa kuwa ninachokipima hapa ni jezi na jina lililochapwa juu yake kuliko muuzaji. Nitasema tu kwamba nilipoandika kulalamika, nilijibiwa kwa adabu kuwa hakuna kosa lililotendeka, kwani 9 ndiyo namba ya Kluivert. Jibu hilo lilinichekesha kabla halijaniudhi. Mhudumu aliyeniandikia hakuwa mwongo: kwa mtu yeyote aliyeanza kutazama kandanda kabla ya mwaka 2005, Kluivert ni Patrick, na namba ya Patrick pale Barcelona na katika timu ya taifa ya Uholanzi ilikuwa 9. Anayeshabikiwa na mwanangu ni Justin, mtoto wa huyo huyo Patrick, ambaye pale AFC Bournemouth, klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza, anavaa 19. Kwa hiyo swali ninalotaka kulijibu ni lile ambalo kila mnunuzi wa jezi hujiuliza anapofika mahali pa kuongeza jina: je, jina hili linastahili pauni 15 za ziada, au ni heri kuichukua jezi tupu na kununulia viatu fedha zinazobaki?

Kuhusu jezi yenyewe sina mengi ya kusema. Ni jezi ya nyumbani, yenye milia myekundu na myeusi, kitambaa chepesi kisichong'ang'ania jasho na ambacho hukauka kabla ya jioni hata katika hali ya hewa ya huku kusini mwa Uingereza, ambako jua ni la kuomba. Mwanangu ana miaka 16 na ni mrefu kwa umri wake. Saizi ya kati imemkaa bila kumbana wala kumning'inia. Tulilipa pauni 60 na ushee kwa jezi tupu, na hizo 15 juu yake kwa jina na namba. Milia ndiyo yenye kisa. Bournemouth iliichukua mwaka 1971, ilipokuwa bado timu ya madaraja ya chini, kwa kuiga mavazi ya AC Milan, na AC Milan ndiyo hasa iliyolifanya jina la Kluivert lijulikane dunia nzima.

Tarehe 24 Mei 1995, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Vienna, Patrick Kluivert aliingia kutoka benchi la Ajax akiwa na miaka 18, na dakika ya 85 akaifunga Milan bao pekee la mchezo. Usiku ule, kwa taarifa ya yule mhudumu, hakuvaa 9. 9 ilikuwa ya Ronald de Boer; Kluivert alivaa 15. Miaka miwili baadaye alihamia Milan hiyo hiyo, akakaa msimu mmoja usio na furaha, kisha akaenda Barcelona mwaka 1998 na kukaa huko hadi 2004. Aliifungia Uholanzi mabao 40 katika mechi 79. Wala yeye hakuwa wa kwanza nyumbani kwao. Baba yake, Kenneth, alikuwa mchezaji wa Robinhood ya Paramaribo na wa timu ya taifa ya Suriname, kabla familia haijahamia Amsterdam. Ukilihesabu hivyo, jina hili limekuwa uwanjani kwa vizazi vitatu, na kizazi cha tatu hakina Justin peke yake: mdogo wake Ruben ni beki, na mdogo wao kwa baba, Shane, amelelewa katika shule ya soka ya Barcelona.

Nimeeleza haya kwa urefu kidogo kwa sababu ndiyo yanayopandisha bei ya jina. Justin alizaliwa tarehe 5 Mei 1999, mwaka ambao baba yake alikuwa Barcelona, na tangu alipoanza kugusa mpira mbele ya watu alikuwa akitazamwa na macho yaliyokuwa yakimtafuta mtu mwingine. Ajax ilimpa mechi yake ya kwanza ya ligi Januari 2017, dhidi ya PEC Zwolle, akiwa na miaka 17. Novemba ya mwaka huo alifunga mabao 3 katika mchezo mmoja dhidi ya Roda JC. Alikuwa winga mwepesi, mwenye kupenda kuingia ndani kutoka pembeni, na hakufanana sana na baba yake, aliyekuwa straika wa kimo na kifua, mtu wa kusimama ndani ya eneo la hatari na kuumalizia mpira kwa mguso mmoja. Lakini nani aliyejali tofauti hiyo? Waswahili tuna msemo wetu kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na Waholanzi, nadhani, waliamini vivyo hivyo kwa lugha yao.

Mwezi Juni 2018 AS Roma ilimnunua kwa takribani yuro milioni 17 na nyongeza. Kama angekuwa na jina lisilojulikana, sidhani kama winga wa miaka 19 aliyecheza msimu mmoja na nusu tu angefikia bei hiyo kwa haraka namna ile. Huko Roma alifanya jambo ambalo mimi, kama baba, nililiheshimu kuliko bao lolote: alichagua kuvaa namba 34. Hiyo ilikuwa namba ya Abdelhak Nouri, rafiki yake wa Ajax, aliyeanguka uwanjani Julai 2017 katika mechi ya kirafiki nchini Austria na kupata madhara makubwa ya ubongo yaliyokatisha safari yake ya mpira. Kijana aliyekuwa akisukumwa na kila mtu kuelekea kwenye namba ya baba yake akaenda kuibeba namba ya mwenzake aliyelala kitandani. Baadaye alihamia 99, mwaka wake wa kuzaliwa. Namba zake zinasema mengi kumhusu kuliko herufi zile 8, na ndiyo maana nilikataa kuikubali 9 hata nilipoahidiwa kupunguziwa bei.

Kwa upande wa mpira, hata hivyo, Roma haikupata ilichokilipia. Oktoba 2018 aliifunga Viktoria Plzeň katika Ligi ya Mabingwa na kuwa mchezaji mdogo zaidi wa Roma kufunga katika mashindano hayo, lakini msimu wake wa kwanza wa ligi ulikwisha na bao 1. Msimu wa pili ulikuwa na nafuu, si zaidi ya hapo. Kisha ikaanza miaka ya mikopo, yaani kuazimwa kwa klabu nyingine: RB Leipzig, Nice, Valencia, msimu mmoja mmoja, kila mwaka nchi mpya, lugha mpya na kocha mpya mwenye mawazo yake kuhusu winga. Leipzig alifunga bao la 3 katika ushindi wa 3 kwa 2 uliowatoa Manchester United katika Ligi ya Mabingwa, Desemba 2020. Nice alifika fainali ya Kombe la Ufaransa mwaka 2022, wakafungwa na Nantes 1 kwa 0. Valencia, klabu ambayo baba yake pia aliipitia kwa msimu mmoja, alikuta timu inayohangaika isishuke daraja. Katikati ya hayo, katika dirisha la kiangazi cha 2022, Fulham walitaka kumchukua na mpango ukavunjika kwa kunyimwa kibali cha kazi. Mtu anayeishi ughaibuni kama mimi hawezi kuisoma habari hiyo bila kutabasamu kwa uchungu: hata mtoto wa Patrick Kluivert anaweza kurudishwa dirishani na kuambiwa karatasi zake hazitoshi.

Kama ningeandika tathmini hii wakati ule, ningekushauri uchukue jezi tupu. Ningesema kwamba jina linauzwa kwa bei ya baba na bidhaa inayotolewa ni ya mtoto, na pengine ningejiona mwerevu.

Bournemouth ilimnunua mwezi Juni 2023 kwa takribani pauni milioni 9 na nusu, kama ilivyoripotiwa. Yaani baada ya miaka 5 bei yake ilikuwa imeshuka badala ya kupanda, jambo ambalo kwa mchezaji wa miaka 24 si dalili njema. Klabu yenyewe ni ndogo kwa mizani ya Ligi Kuu: uwanja wake unachukua watu 11,000 na ushee, na unapotembea kuelekea huko unapita katikati ya bustani na nyumba za watu, wala huoni dalili yoyote ya ukubwa mpaka umefika getini. Mwanangu aliupenda kwa sababu hiyo hiyo. Kutoka kiti chetu tuliweza kumsikia mchezaji akimwita mwenzake, jambo ambalo huwezi kulitarajia katika viwanja vikubwa. Novemba 2023 Justin aliifunga Sheffield United, na kwa bao hilo akawa amefunga katika ligi zote 5 kubwa za Ulaya: Italia, Ujerumani, Ufaransa, Hispania na Uingereza. Wachezaji waliofanya hivyo ni wachache mno. Ukitaka kumdhihaki utasema kwamba rekodi hiyo ni ya mtu asiyekaa mahali, na hutakuwa umekosea sana.

Lililobadilisha mambo halikuwa bahati. Kocha Andoni Iraola, Mbaski anayetaka timu yake ikimbie na kunyang'anya mpira karibu na lango la mpinzani, alimtoa pembeni na kumweka katikati, nyuma ya straika. Kwa mtazamaji wa kawaida hiyo ni hatua ya mita 20 tu. Kwa Justin ilikuwa ni kuondolewa mzigo wa kumpita beki kwa chenga kila anapopokea mpira, kazi ambayo hakuwahi kuimudu mfululizo, na kupewa kazi anayoijua: kuwa mtu wa kwanza kumfuata beki anayejikwaa na mpira, kutokea kwa kuchelewa katika eneo la hatari wakati mabeki wamekwisha mfuata straika, na kupiga mapema. Msimu wa 2024/25 alifunga mabao zaidi ya 10 ya ligi, na Bournemouth ikamaliza nafasi ya 9 kwa pointi 56, ambazo haijawahi kuzifikisha kabla ya hapo katika Ligi Kuu.

Mechi mbili za msimu huo ndizo zilizomfanya mwanangu aanze kuniomba jezi.

Ya kwanza ilikuwa tarehe 30 Novemba 2024, ugenini kwa Wolves. Bournemouth ilishinda 4 kwa 2, na Justin akafunga mabao 3, yote kwa mikwaju ya penalti, jambo ambalo hakuna mchezaji aliyewahi kulifanya katika mchezo mmoja wa Ligi Kuu. Aliyeangushwa mara zote 3 alikuwa straika Mbrazili Evanilson, ambaye nadhani alistahili kukatiwa kipande cha ule mpira wa kumbukumbu anaopewa mfungaji wa mabao 3. Mabishano nyumbani kwetu yalidumu wiki nzima. Mimi nilishikilia kwamba penalti ni penalti, mwanangu alinijibu, kwa heshima lakini bila kurudi nyuma, "Baba, ya kwanza kipa hakujui. Ya tatu amekwisha kukusoma mara mbili." Nililitafakari hilo na nikalikubali. Takribani nusu ya mabao yake ya ligi msimu ule yalikuwa ya penalti, na anayetaka kuyapunguzia thamani ayapunguze, ila ajue kwamba timu haimpi kazi hiyo mtu ambaye miguu yake hutetemeka.

Ya pili ni tarehe 18 Januari 2025, St James' Park, uwanja wa Newcastle, na hiyo haikuwa na penalti hata moja. Newcastle ilikuwa imeshinda mechi 9 mfululizo katika mashindano yote; Bournemouth ilikwenda na benchi la vijana kwa sababu ya majeruhi. Justin alifunga dakika ya 6, akafunga tena karibu na mapumziko, na la 3 akalipiga katika dakika za nyongeza kutoka nje ya eneo la hatari, mpira ukajikunja na kuingia kona ya mbali. Mchezo uliisha 4 kwa 1. Tulikuwa tukiutazama sebuleni, chai imepoa vikombeni, na nakumbuka mtangazaji alilitaja jina la Patrick kabla mpira haujarudishwa katikati. Alikuwa na sababu: baba alichezea Newcastle msimu wa 2004/05, akivaa jezi ya wenyeji katika uwanja ule ule. Hata hivyo nilimwona mwanangu akikunja uso. Kwake yeye, aliyezaliwa baada ya Patrick kustaafu, baba wa Kluivert ni maelezo ya pembeni, kama vile mtu anayetaja wilaya aliyozaliwa mchezaji.

Timu ya taifa ilichelewa kuliona hilo. Justin aliitwa mara ya kwanza na Ronald Koeman na kuingia kutoka benchi tarehe 26 Machi 2018, Uholanzi ilipoifunga Ureno 3 kwa 0 mjini Geneva. Alikuwa na miaka 18. Baada ya hapo mlango ulifungwa kwa miaka karibu 7, hadi Koeman, akiwa katika awamu yake ya pili, alipomrudisha Machi 2025 kwa ajili ya michezo dhidi ya Hispania. Ipime hiyo kwa mizani ya familia: katika umri ambao baba yake alikuwa amekwisha kucheza Kombe la Dunia na fainali kubwa za Ulaya, mtoto alikuwa akiomba nafasi Nice. Na ipime kwa mizani ya kazi yenyewe: ni wachezaji wangapi wanaoitwa na miaka 18, wanasahauliwa, kisha wanarudi na miaka 25 wakiwa wazuri kuliko walivyoondoka?

Sasa nirudi kwenye meza ya chakula. Baada ya barua pepe 4 na picha 2, duka lilikubali kututumia jezi nyingine, na hii ya pili ilifika kwa siku 5 ikiwa na 19 yake kamili. Uchapaji wake ni wa kubandikwa kwa joto, si wa kushonwa, na hapo ndipo penye udhaifu. Ukipitisha kidole juu ya herufi utahisi kingo zake, na baada ya kufuliwa mara ya tatu ncha ya chini ya V ilianza kunyanyuka kidogo, kiasi cha ukucha. Kosa hilo nalihesabia waliobandika, si kitambaa, maana kitambaa hakijafifia rangi wala kutoa uzi. Tangu hapo tunaifua ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa maji ya baridi, tunaianika kivulini, na hatupitishi pasi juu ya mgongo kabisa. V haijasogea tena. Namba, ambayo ni kubwa na imeshika eneo pana, iko imara.

Kwa pauni 15, basi, ndiyo, naliona jina hili linastahili, kwa sharti moja: hakikisha umeandika namba kwa tarakimu na kwa maneno katika sehemu ya maelezo ya oda, kisha piga picha ya ukurasa huo kabla hujalipa. Jezi yenyewe naipa 8 kwa 10, na duka nalipatia 4, zaidi kwa sababu ya ile siku ya 11.

Ile yenye 9 hawakuitaka irudishwe. Ilikaa kwenye kiti wiki mbili, hadi siku moja alipotutembelea mzee mmoja wa Mombasa anayeishi mtaa wa pili, ambaye mwanangu humwita ami. Aliiona milia, akaiinua, akaigeuza na kusoma mgongo. "Kluivert alicheza Milan, sikatai," alisema, "lakini hii 9 kule ilikuwa ya George Weah. Nani amewauzia hii?" Mwanangu alimweleza kwamba hiyo si Milan, ni Bournemouth, na kwamba huyo si Patrick, ni mtoto wake, na kwamba namba yenyewe ni makosa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama tunaihitaji, kisha akaivaa juu ya shati lake pale pale na kukaa nayo mpaka chai ikaisha.